Sponji ya Kushoto

Kifurushi kimefika Jumanne, chepesi kama bahasha tupu:
sponji mbili za manjano, duara,
zimekaa pamoja kama viini viwili ndani ya yai moja.
Mama anauliza, ni za kuoshea vyombo?
Namwambia, ni za masikio ya Baba.
Ananitazama.
Baba hana masikio tangu Februari.

Hedifoni ilikuwa darini, ndani ya kopo la biskuti,
waya wake umejiviringa kama ulioambiwa usubiri.
Nilipoigusa, sponji ya zamani ilimong'onyoka vidoleni.
Haikuchanika; ilichoka tu kuwa kitu.
Unga wa kahawia ulininata kwenye kucha,
ukamwagika juu ya kitambaa cha meza,
na ndani ya unga, unywele mmoja mweupe.
Sikuupuliza.

Miaka arobaini Enno Habben alikaa pale dirishani,
mji wa Leer ukiloa, upepo wa Bahari ya Kaskazini
ukitikisa kioo,
akisikiliza piano usiku bila kumwamsha mtu.
Sisi tulimwona tu: macho amefumba,
kidole cha shahada kikigonga mkono wa kiti,
kikifuata kitu tusichokisikia.
Nyumba nzima kimya, na yeye peke yake karamuni.

Akiitwa kula, haitiki.
Sikio la kufa halisikii dawa, Mama alisema,
akaenda kumgusa bega.

Mezani, kiti changu kilikuwa kushoto kwake.
Nilimsimulia mtihani wa hesabu,
nikamsimulia Wiebke aliyehama bila kuniaga,
naye anakata viazi, anakata viazi.
Nikiwa na miaka kumi na minne nilikata shauri:
huyu hanipendi.
Nikajifunza kula kimya. Nililijua vizuri somo hilo,
nikaja kuwafundisha na wanangu.

Leo nina kisu kidogo, pamba na spiriti.
Nasugua plastiki, mabaki yanabanduka kama ukoko.
Kulia, sponji ya kiwandani, au kilichosalia.
Kushoto, kitu kingine kabisa:
sponji ya jikoni. Gamba la kijani limebanduliwa,
imekatwa duara kwa mkasi, duara la mtu asiye fundi,
ikachongwa hadi ikawa nyembamba kama kipande cha jibini,
ikashonwa ukingoni kwa uzi wa vifungo.
Naiinua kwenye mwanga. Mama anavua miwani.
"Kumbe ndiye aliyekuwa akiniibia," anasema, karibu kucheka.
Kisha, polepole:
"Mbona ya kushoto peke yake?"

Hakuna anayejibu.
Ili sauti isogee. Unene wa kidole kimoja, basi,
isogee karibu na sikio lililokuwa likiondoka
naye hakutuambia.
Wako wanaoficha deni, wako wanaoficha chupa.
Baba alificha sikio, sebuleni, mbele ya macho yetu,
akaacha tumwite mkaidi.

Sponji mpya huvikwa kama soksi ya mtoto:
unavuta ukingo, unazungusha, inakaa.
Ya kulia nimeivika.
Ya kushoto ninayo mkononi, nene, nzima, haina kosa,
na mkasi uko pale mezani.
Nashika mkasi. Nauweka.

Mama anamimina chai. Sukari ya mawe
inapasuka ndani ya kikombe,
mlio mdogo, kama barafu ya mfereji ikianza kuachia.
Navaa hedifoni vivyo hivyo,
sikio moja kwenye sponji, jingine kwenye plastiki tupu,
waya haujachomekwa popote.
Sponji haizuii sauti, inaichuja tu.
Nasikia sukari ya kikombe cha pili.
Nasikia Mama akivuta kiti chake, cha kulia,
upande aliokaa miaka yote
bila kujua kwamba ilikuwa bahati.