Koma

Wa kwanza kulisema alikuwa nyanya, Haluwa wa Ngumbao,
siku Kitsao alipoanza kutoka maji kama ya kuoshea mchele
na macho yake yakazama kabla ya adhuhuri.
"Ni koma," alisema. "Wana kiu."
Akamwaga tembo chini ya kigango.

Mimi nilikuwa na koti jeupe la hospitali ya Malindi,
miezi minne kazini, na jibu la kila kitu.
Nikamwambia, nyanya, wacha.

Elnino ilikuwa imekilaza choo cha jirani
ndani ya kisima chetu cha Gongoni.
Watu walilaumu upepo, wakafunga madirisha.
Hata Ulaya walilaumu hewa,
mpaka mtu mmoja London akahesabu vifo nyumba kwa nyumba,
hesabu ikamrudisha kwenye bomba lile lile.
Mwaka huo huo, Florence, mwingine akakiona kidudu, akakichora;
mchoro ukalala miaka thelathini.
Usiombe kusema kweli siku watu wana hofu.

Nami nikahesabu, nyuma ya daftari la madeni ya duka:
kina Mwambire, wanne, kisimani.
Kina Jumwa, hakuna. Wao hununua maji ya mkokoteni.
Mwalimu Bwanaadi, peke yake: alikunywa matangani.

Sahani ya kijani ililala kwenye joto.
Asubuhi, vidoto vya njano, kama mtama uliomwagika.
Nikapaka kioo, nikatia rangi, nikainamia hadubini.
Waridi. Wamepinda,
kama alama ile Mwalimu Bwanaadi
aliyotupigia rula tulipoisahau:
hapa pumua, mtoto, sentensi haijaisha.
Koma.

Nilicheka peke yangu maabara. Kicheko kikanigeukia.

Jioni nikamchorea nyanya kwa kijiti, mchangani.
"Hivi ndivyo walivyo?"
Ndivyo.
"Na wanakaa wapi?"
Majini, nyanya.
Akanitazama kama mtu anayedai chenji yake.
"Sasa tulikuwa tukibishania nini?"

Kesho yake, kabla klorini haijafika,
alisimama kisimani na mkongojo wake,
akizizuia ndoo moja moja,
kwa sauti aliyozoea kuwaamrishia wafu:
koma!

Wengi walikoma. Kitsao hakungoja.
Ndoo yake iliyopasuka mdomo ninayo mpaka leo,
nateka, nachemsha, nahesabu,
nachemsha,