Dakika Nane za Goti

Jumapili na Jumatano, saa nne kasoro robo,
zamu yetu kwa Dokta Sheeja, Azaiba,
nyuma ya duka la mazulia.
Rafiqul dereva ametandika shuka kitini,
na juu ya shuka, shuka,
na bado anaendesha kaegemea mlango
kana kwamba kapakia jiko la mkaa.

Nakubeba, Zaatari, miguu mitatu na nusu.
Paja limenyolewa, ngozi iko nje
kama ya kuku aliyenyonyolewa siku ya mgeni.
Mshono unapanda, nyuzi kumi na moja:
nimezihesabu usiku, usipolala
nami nisipolala.
Ukano wa goti ulikatika ukimfukuza paka wa jirani.
Paka mwenyewe mzima.
Jana alikaa ukutani akijilamba.

Ndani tunavaa miwani sote,
daktari, mimi,
na wewe yako ya mpira, imefungwa nyuma ya masikio.
Umekaa kama rubani aliyenyang'anywa ndege.
Nilijizuia kucheka. Sikuweza.

Mashine inalia mlio mmoja, chura wa kisimani.
Daktari anaishika kama pasi,
analipiga pasi goti lako bila kukunjua kitu,
nenda, rudi, polepole,
asitue mahali pamoja akaunguza.
Manyoya meusi, anasema, hunywa joto upesi;
leo nguvu ataipunguza.
Kiarabu chake cha Kerala, changu cha jikoni,
tunaelewana kuliko wenye lugha yao.

Kitone chekundu kinatembea juu ya mshono.
Nilidhani hicho ndicho dawa.
"La," akasema, "hicho kinanionyesha njia tu.
Mwanga unaotibu hauonekani."
Nikanyamaza.
Nikaiwaza pesa ya mwisho wa mwezi,
inavyoondoka hapa haina rangi wala sauti
ikafika Kaloleni
ikawa bati.

Riali kumi na tano kila tukija, mara kumi na mbili.
Bahasha naibeba mimi.
Sikupiga hesabu.
Nilipiga.

Wiki ya kwanza ulitetemeka hadi meza ikagonga ukuta.
Hii ya tatu unakoroma,
kidevu kwenye kiganja changu, mate yakishuka hadi kiwikoni,
na mimi sithubutu kuusogeza mkono.

Usiku nikampigia mama.
Naye ana goti lake, la kushoto vilevile,
lililomgomea tangu mwaka wa mafuriko.
Hulikanda kwa maji ya chumvi na mwarobaini.
Akienda kisimani, mteremko
huushuka kinyumenyume, akiutazama mlango wake.
Nikamwonyesha picha yako na miwani.
Alicheka hadi simu ikamponyoka,
nikabaki natazama dari, zile bati,
moja imeanza kutu pembeni.
Aliporudi aliuliza,
"Na huo mwanga, aliyekaa karibu haumrukii?"
"Sijui, mama. Huenda."
"Basi kaa karibu."

Halafu kimya, mbuzi wa mtu akilia nyuma yake.
Halafu:
"Mwambie pole huyo mbwa.
Mwambie anayempa pole anayajua magoti."

Alfajiri, kabla lami haijawa kikaango,
nimekutoa uani na kamba fupi, kama tulivyoagizwa.
Nimeinama nikakufikishia salamu,
kwa Kigiriama, maana ndivyo alivyozitoa.
Umeinua sikio moja.
Ukaushusha mguu wa nne.
Ukaurudisha.
Ukaushusha tena, ukasimama juu yake
kwa muda wa mtu kumeza funda la chai.

Paka alikuwa ukutani.
Hakusema kitu, lakini aliacha kujilamba.