Mkia wa Mpira

Mpira ukipigwa kwa nguvu kwenye uwanja wa usiku
ulikuwa ukiacha mkia.
Si mrefu, kama kiganja cha mtoto hivi,
manjano, na ukingoni mwake ukijani
wa ndimu iliyochumwa mapema.

Mimi nikiuona. Mundhir hauoni.
"Macho yako yana jini," ataniambia,
ananitia la pili huku nimekodolea mkia
na si mpira.

Plazma ile tuliinunua Ruwi,
inchi hamsini, riali mia tatu na themanini,
baba kazihesabu noti mara mbili, muuzaji mara tatu.
Watu wanne tuliipandisha ngazi, nyumbani Mabela,
nzito kama kabati la bi harusi.
Na inachemka! Julai, nje digrii arubaini na sita,
kiyoyozi kinapuliza kutoka huku,
yenyewe inapuliza kutoka kule,
sisi katikati, vidole vinateleza kwenye vibonye.

Nikamwita fundi. Biju, Mmalabari wa Wadi Kabir,
Kiarabu chake cha dukani,
Kiswahili chake maneno kumi, kafunzwa na wateja wa kwetu.
Nikamwendeshea gari nyeupe, usiku, kona kali.
Akainamisha kichwa, akacheka.
"Mgonjwa hapana. Tabia yake."

Weupe, akanifahamisha, si mtu mmoja.
Ni watatu wamesimama pamoja,
buluu, nyekundu, kijani,
na wakiambiwa ondokeni, hawaondoki sawa.
Buluu hutoka mbio.
Wawili hubaki kidogo, hata kope haijafumba,
na hao waliobaki wakichanganyika
ndiyo manjano yako.

Nikaelewa pale pale, maana watu hao nawajua.
Buluu ni baba:
"haya" moja tu, keshavaa ndara, yumo garini,
taa za dharura zinapepesa.
Mama na shangazi Rayya ndio hao wawili.
Wameshaagana sebuleni, wakaagana tena ukumbini,
mlangoni ndipo mazungumzo yanapoanza:
nani kaposwa, nani kaachwa,
iliki Unguja siku hizi kiasi gani,
mkono umeshika kitasa nusu saa
na ubani umeshazimika chetezoni.

Usiku aliorudi shangazi Unguja
tulikuwa dakika ya themanini na moja, mbili kwa moja.
Baba akapiga honi.
Tukasimamisha gemu, hatukuzima.
Uwanja wa ndege mama kaaga penye mizani,
kaaga penye foleni ya paspoti,
mpaka askari akasema, "Khalas, mama."
Tulirudi alfajiri imeshaadhiniwa,
mshambuliaji wangu bado kainua mguu,
mpira hajaupiga.

Sasa Mundhir kapokea mshahara wa kwanza
kaleta skrini nyembamba kama sinia.
Mpira unakwenda msafi, hauna nyuma.
Nimefungwa tano.
Sikujua kwamba miaka yote
ule mkia ndio ulioniambia
mpira umetoka kwa nani.

Ile kuukuu imehamia chumbani kwa mama.
Anatazama mapishi,
na picha ikiwa nyeusi, kabla ya tangazo,
pembeni juu, hafifu,
kama alama ya pete iliyovuliwa,
zinatokeza namba za usiku ule.

Jana kaniita, rimoti mkononi,
miwani kaipandisha kwenye paji la uso.
"Harith, hebu njoo. Nani huyu kafungwa mbili?"
"Mimi, mama."
"Na hujarudisha mpaka leo?"
"Nilikuwa ndiyo narudisha. Baba akapiga honi."