Kompyuta Tatu, Leseni Mbili

Tulinunua kihalali. Risiti ninayo,
nimeibana kwenye jalada la kijani pamoja na bili za umeme,
maana mimi ndiye mshika hesabu, na mali bila daftari
mnajua inavyoisha.
Krona elfu nne na mia sita, programu ya kuchora sweta:
unagusa mraba, unakuwa kitanzi,
unagusa mwingine, na kidogo kidogo
nyota inachomoza kifuani mwa mtu ambaye bado hayupo.

Kompyuta mbili, yalisema masharti,
kurasa kumi na tisa ambazo Bárður alizikubali
kwa kidole kimoja, akitafuna mkate.
Mbili. Nasi tuna tatu:
ya karakana, iliyojaa vumbi la sufu hadi kwenye feni;
yangu ya ofisini;
na ya Turið, nyumbani kwake, Klaksvík ya juu,
kwa sababu magoti yake yamekataa ngazi
lakini macho yake hayajakataa kitu.

Nilimuuliza Bárður: Ukinunua shoka,
muuza shoka hukufuata msituni kuhesabu magogo?
Akasema, hapa kwetu hakuna msitu.
Kweli. Visiwa vya Faroe vina nyasi, kondoo, na mvua.

Basi tukaishi kwa zamu.
Jumatatu naiondoa kwangu, nampigia Turið: Chukua.
Anasubiri duara lizunguke, kisha: Nimeipata,
kama mtu aliyerushiwa kitu kutoka dirishani.
Alhamisi anairudisha. Mara nyingine anasahau,
nami nakaa mbele ya kioo kilichonikodolea:
IDADI IMETIMIA.
Nguo ya kuazima, wanasema, haisitiri.
Hii tuliinunua, na bado tuliivaa kwa kupokezana.

Miaka sita hivyo.
Februari ikaja barua. Kampuni inafungwa.
Mtambo unaothibitisha leseni utazimwa
usiku wa manane, Machi thelathini na moja.
Kompyuta iliyo nayo itabaki nayo.
Isiyo nayo, ndiyo basi.
Tunawashukuru kwa kutuamini.

Tuliisoma mara tatu wakati wa kahawa.
Hakuna aliyetamka neno "nani".
Bárður alisafisha feni, kazi asiyoigusa tangu tuhamie.
Sunnvá akasema tuchapishe ruwaza zote; tukachapisha
mpaka wino wa bluu ukaisha
na mawimbi ya sweta ya mwisho yakatoka ya waridi.
Turið alipiga simu: nibaki nayo mimi,
yeye atachora kwenye karatasi ya miraba, kama zamani.
Sauti yake ilikuwa nyepesi mno. Naijua sauti hiyo,
ndiyo anayosemea kwamba hana njaa.

Siku ya mwisho, saa tano na dakika arobaini usiku,
nikavaa koti juu ya nguo ya kulalia, nikaenda ofisini.
Nikabonyeza Ondoa. Ikaniuliza: Una hakika?
Miaka sita inaniuliza hivyo
na sikuwahi kudhani kwamba ni swali.
Nikampigia. Chukua, nikasema.
Kimya. Duara, nadhani, lilikuwa linazunguka,
kwake, nyuma ya pazia, na mvua ikigonga bati langu.
Saa sita kasoro dakika nne.

Nimeipata, akasema,
wala hakushukuru; akaniuliza papo hapo
kama nyota ya bega la kushoto imepinda kitanzi kimoja
au ni macho yake.

Kioo changu kilikuwa cheupe, sina tena pa kuitazamia.
Imepinda, nikamwambia.
Inyooshe.