Omu kwa Mraba

Blyth, zamu ya usiku. Pampu inanyonya hewa
hadi ndani ya kuba pasisalie pumzi.
Nikeli na kromi zinapanda kwa mvuke,
zinatua juu ya kauri: utando
mwembamba kuliko ukungu wa chai
kwenye miwani ya Maureen.

Yeye ndiye aliyenifunza hesabu hii ya ajabu:
mraba uwe mkubwa, uwe mdogo,
ukinzani wake ni uleule.
Nikacheka. Nilimkumbuka shangazi Mwanakombo,
kimo chake cha kiti,
na benki nzima ya Tanga iliyoshindwa kumtoa foleni.

Kisha leza. Hapa mkono unatakiwa adabu:
kila mkato huongeza ukinzani,
hakuna mkato wa kuupunguza.
Omu tisini na nane. Tisini na tisa nukta sita.
Simama.

Usiku ule simu ilipoita kutoka nyumbani
nilipitiliza. Kidogo tu, unywele.
Mia moja na mbili.
Joto au baridi, utando wetu hauyumbi,
ndiyo sifa inayouzwa.
Maureen hakuuliza.
Alikitupa kipande koponi,
akanivua glavu kidole kwa kidole,
akanipeleka jikoni kwenye birika,
na miwani yake ikafunga ukungu
kabla hajamimina.