Daftari la Mahudhurio, Pujini

Asubuhi ya bamvua, mwezi wa tisa,
bahari imepanda hadi viunoni mwa mikoko
na kule mchangani hakuna tena pa kusimama.
Ndipo wanapohamia huku, majaruba ya chumvi,
kama watoto waliokimbizwa na mvua
wakajazana baraza moja.

Mimi nimekaa juu ya polo.
Darubini yangu ina jicho moja zima;
la pili limeota ukungu tangu masika
na fundi saa wa Chake kaniambia, Mwalimu, hili liache.
Nimeliacha.
Daftari ni la shule, lilibaki kabatini nilipostaafu,
kurasa kumi na tisa hazijaguswa.
Nimefuta "Darasa la Tano B"
nikaandika: Ndege.

Yangeyange, sita. Hao wenyeji,
jirani asiyebisha hodi.
Kulasitara mmoja, kajikunja shingo
kama mwenye deni anayengoja mdai apite.
Vitwitwi, hapa ndipo penye kazi.
Nilifika mia na themanini na nne
nikapiga chafya.
Anga zima likageuka tumbo jeupe,
likageuka tena mgongo wa kijivu,
wakatua palepale, ila si kwa mpango ule.
Nikaanza moja.

Shaame, mwenye zamu ya kukokoa chumvi,
kaegemea reki, ananicheka.
"Mgeni siku mbili, Mwalimu, ya tatu mpe jembe.
Hawa wana wiki ngapi?"
Nikamwonyesha sululu wakipita topeni,
midomo imepinda, inachimba, inatoa kaa, inachimba.
"Wamekuja na zana zao. Hata jina lao ni zana."
Akaitazama sululu yake ya chuma iliyolala ukingoni,
akamtazama ndege.
"Basi walipwe," akasema.

Wale wa mwezi wa nane walikuwa watu wazima.
Mbawa zimechakaa, vifuani wekundu wa huko walikotoka
unafifia kama hina ya harusi iliyokwisha.
Waliwaacha watoto kaskazini, karibu na barafu,
wana wiki chache tu duniani.
Ndivyo walivyo. Mzazi hangoji.

Leo nimewaona watoto.
Kila unyoya mgongoni una ukingo mweupe,
sare iliyopigwa pasi usiku wa kuamkia shule.
Hakuna aliyewashika mkono.
Hakuna aliyewachorea ramani ubaoni.
Miaka thelathini na mmoja nimefundisha jiografia
kwa fimbo ya kuonyeshea,
na bado Mbarouk aliitafuta Pemba jirani na Brazil.
Hawa wana uzito wa barua
na wamefika.

Nimeishusha darubini.
Nimekaa hivyo, sijui kwa muda gani,
chumvi ikinipenya kanga.

Pembeni, sululu wawili wa mwaka jana.
Wenzao waliondoka mwezi wa nne;
wao wakabaki, kusi yote, hawakuwa tayari.
Wamekariri darasa.
Niliwaandika kwa wino mwekundu,
kisha nikaona haya, nikaupitishia wa buluu.

Maji yanaanza kutoka.
Mmoja amelijua hilo kabla yangu.
Analia mara saba, kwa kasi ileile,
mkaguzi anayegonga meza kwa penseli,
na wote, wote, wananyanyuka.
Safu ya mwisho ya daftari yauliza
sababu ya kutokuwepo.
Nimeandika: maji yametoka.

Jaruba limebaki na nyayo za vidole vitatu,
zinakaukia kwenye weupe.
Kesho Shaame atazikokoa zote, zitaingia poloni,
zitafika jikoni kwa mtu, Wete huko,
ataonja mchuzi,
ataongeza kidogo.