Tundu la Chini

Mashine ya mkate tuliipata Gikomba, kwenye mitumba ya vyombo,
kwa kijana aliyeapa kwa jina la shangazi yake
kwamba huko ilikotoka ilikuwa bado inapika.
Vitufe sita, vyote vimeandikwa Kijapani.
Mwiko wake wa ndani, ule wa kukandia, haukuwamo.

Nikaenda Kamukunji kwa fundi Okumbe.
Akachungulia ndani, akapima mhimili kwa kidole gumba,
akaniuliza, "Siku hizi unga nao wataka injini?"
Akanifulia kijibapa cha chuma, kifupi, kilichopinda
kama sikio la mbuzi.
"Mia mbili. Mkate ukiiva, urudi uniambie."

Kitufe cha tatu ni cha mkate mtamu:
tulikijua baada ya kuharibu kilo nne za unga.
Cha tano hatujakijua. Ukikibonyeza, inaguna tu.

Leo Nduku yuko zamu ya usiku.
Saa tisa na robo, Pangani imelala
isipokuwa mfereji wa ghorofa ya nne, unaodondoka.
Namimina: maji vuguvugu, chumvi, sukari,
unga juu yake kama blanketi,
hamira kwenye kishimo, isiguse maji kabla ya wakati.
Kisha mdalasini.
Si ule wa pakiti. Huu ni magome niliyonunua Ngara
kwa Bwana Raichura, ambaye huvunja gome moja,
hulinusa kwanza yeye, macho kafumba,
ndipo akupimie, shingo upande.
Nimelitwanga kinuni juu ya taulo, jirani wasiamke.

Ikaanza: gudu, gudu, gudu,
ikatambaa mezani kidogo kidogo
hata nikaishika kwa mikono miwili
kama mtoto anayetaka kuvuka barabara.

Saa kumi na dakika kumi, giza.
Si mtaa. Ni sisi tu. Tokeni.

Salio la simu: shilingi kumi na tisa.
Nikakopa kwa simu hiyo hiyo, riba nitaijua mchana,
nikabonyeza tarakimu ishirini kwa kidole chenye unga,
nikakosea ya kumi na saba, nikarudia toka mwanzo.
Taa ikawaka. Mashine ikalia pii,
ikaanza kukanda upya,
kama mtu aliyeshtuka usingizini
asikumbuke kwamba alikwisha kusali.
Nikaiacha. Nani kasema
unga ukikandwa mara mbili hukosa adabu?

Kulipopambazuka harufu ilishatoka bila ruhusa,
ikashuka ngazi, ikapita chini ya milango,
ikamkuta Ekai, bawabu, kwenye kiti chake cha plastiki.
Akapanda. Hakubisha, alikohoa.
"Nimekuja kuuliza," akasema, "kama kuna moto."
"Upo," nikamwambia. "Subiri upoe."

Mkate ukatoka umeinama upande mmoja,
ubavu mweusi kidogo,
na chini yake, pale mwiko wa Okumbe uliposimama,
tundu.
Penye nia pana njia, husema watu.
Penye mkate wetu pana tundu.

Nduku aliingia na viatu mkononi,
vidole vinanuka dawa ya wadi.
Kwa kawaida husimulia: nani kajifungua, nani kamtukana daktari.
Leo hakusimulia, nami sikuuliza.
Akaulaza mkate, akakata kipande cha chini kabisa,
akakipaka siagi. Ikayeyuka, ikapenya,
ikadondoka kwenye sare yake.
Akakiinua mpaka usawa wa jicho moja,
akanitazama kupitia humo, kwa muda mrefu.

"Una unga kwenye nyusi," akasema.

Kisha akala tundu lote na kingo zake,
akalala na sare.

Ekai alichukua kipande cha juu, kile kilichoinama.
Cha katikati nimekifunga gazetini, bado kina joto.
Nakwenda Kamukunji.